Pakiti Zisizofunguliwa

Mende ndiye aliyeanzisha mambo. Jumamosi asubuhi Phelista alivuta droo ya juu ya kabati la bafuni kutafuta mswaki wake, na mende mnene akachomoka kwenye nywele za mswaki huo, akakimbia ukingoni mwa sinki, akapotelea nyuma ya bomba. Phelista aliutupa mswaki kwenye ndoo ya taka. Halafu akajifunga leso kichwani, akakunja mikono ya sweta, na kuzimwaga droo zote nne sakafuni.

Ilikuwa kazi aliyoiahirisha tangu wahamie nyumba hiyo ya kupanga, nje kidogo ya mji wa Kitale. Mpangaji aliyewatangulia ndiye aliyeliacha kabati hilo, la mbao nzito, lenye droo zinazokwama mvua ikinyesha, na Phelista alilipenda kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Alikokulia, Bumula, vitu vya kuogea vya nyumba nzima vilikaa ndani ya karai moja nyuma ya mlango. Kwa hiyo siku ya kwanza tu aligawa: droo ya juu ya wote, ya pili ya mumewe Kibiwott, ya tatu yake mwenyewe, ya chini ya binti yao Cherop. Mgawo haukudumu. Wembe wa Kibiwott ulihamia kwa wote, nyuzi za kusukia zikajifunga kwenye miswaki, na kopo la mafuta ya kujipaka likamwagika na kugeuza kila kitu kuwa na utelezi.

Phelista aliuza katika duka la pembejeo karibu na soko. Huko kila kitu kilikuwa na mahali pake; dawa za kunyunyizia hazikai na mbegu, na dawa ya kuku haikai na ya ng'ombe. Aliona haya kidogo kufikiria wateja wake wangesema nini wakiziona droo zake.

Alianza na vya kutupa. Nyembe zenye kutu, chupa zilizobakiza tone, dawa ya meno iliyogeuka jiwe. Akazipangusa droo kwa maji ya moto na sabuni, akapaka dawa ya mende pembeni. Kisha akakata maboksi ya viatu na kuyasimamisha ndani kama kuta za vyumba, na mikebe ya aiskrimu akaitumia kwa vitu vidogo. Chanuo na vibanio upande huu, nyuzi upande ule. Pamba, bandeji na spiriti vikapata kona yao. Mashine ya kunyolea ya Kibiwott akaifunga kwenye kitambaa kikavu. Alipomaliza droo tatu alikuwa anaimba.

Ya Cherop aliiacha mwisho. Cherop mwenyewe alikuwa mazoezini, kama kila Jumamosi. Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, na tangu mwaka uliopita jina lake lilitajwa sana katika mbio za nyika za shule za huko. Kwenye lundo lake kulikuwa na dodoki, losheni, jiwe la kusugulia visigino, na mirija ya dawa ya kuchua misuli, mingi kuliko Phelista alivyotarajia, yote imekamuliwa mpaka shingoni. Chini ya hiyo mirija kulikuwa na pedi.

Alizishika pakiti moja moja ili azipange, na mikono yake ikaanza kwenda polepole. Hakuna iliyokuwa imefunguliwa. Kila mwisho wa mwezi alinunua za kwake na za Cherop, na za Cherop akaziweka juu ya kitanda chake. Hii ya zambarau aliikumbuka vizuri, kwa sababu dukani walikuwa wameishiwa zile za kawaida siku chache kabla ya Pasaka. Sasa mahindi mapya yalikuwa yameanikwa kando ya barabara zote za Kitale. Za tangu Pasaka zote zilikuwa hapa mbele yake, plastiki inang'aa, gundi haijaguswa.

Phelista aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Huenda shuleni wanawapa, alijiambia. Ndiyo, shuleni wanawapa. Aliling'ang'ania wazo hilo, lakini mengine yalikuwa yamekwisha kupita mlangoni. Cherop alivyozoea siku hizi kuvaa sweta kubwa ya baba yake hata jua likiwaka. Cherop alivyousukuma ugali pembeni ya sahani na kusema ameshiba. Likizo ya Agosti, ambayo Cherop aliimalizia Bumula kwa dada yake Phelista, Edinah, ambako nyumba haikosi vijana wanaoingia na kutoka. Na Phelista mwenyewe, alipokuwa na mimba ya huyu huyu Cherop, hakuweza hata kunusa ugali.

Lango lilipiga kelele. Cherop aliingia akiwa amelowa jasho, akafika mlangoni mwa bafu, akasimama. Aliiona droo yake iliyo tupu, akaona na pakiti mikononi mwa mama yake.

"Mbona umetoa vitu vyangu?"

"Mende," Phelista alisema. "Mende wameingia kila mahali."

"Si ungeniambia nipange mwenyewe."

"Nilikuwa napanga zote."

Cherop aliinama akachukua mirija ile mitupu kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, akaondoka nayo. Phelista hakumfuata. Alivirundika vitu vya binti yake kwenye karai, akaliacha karai chini ya sinki, na droo ya chini akaiegemeza ukutani ikiwa tupu.

Siku iliyofuata, walipokuwa wakitoka kanisani, alijaribu kwa njia ya kuzunguka. "Shuleni bado mnapewa pedi?"

"Ziliisha zamani hizo," Cherop alijibu akitazama simu ya mama yake aliyoazima. "Kwani?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Hapo tegemeo lake la pekee likavunjika. Jioni Kibiwott alipiga simu kutoka Nakuru, alikopeleka lori la mahindi. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliye mbali na nyumbani na ana habari njema.

"Mama Cherop, kochi Kiptum amenipigia. Anasema mtoto ako sawa kabisa. Ati hajawahi kuwa mwepesi hivi. Mbio za kaunti anachukua, hiyo anasema haina maneno."

"Ni vizuri," Phelista alisema.

"Mbona unaongea hivyo? Uko mgonjwa?"

"Nimechoka tu. Nilikuwa napanga bafu."

Hakuweza kumwambia kwenye simu. Kibiwott angegeuza lori barabarani usiku huo huo, na angefika na nini? Na maneno ambayo hayarudi mdomoni yakishatoka. Phelista alitaka kwanza kujua. Alikaa na jambo hilo siku hizo kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Dukani alimpimia mzee mmoja dawa ya kupe badala ya ya minyoo, na mwenye duka akamwita pembeni. Nyumbani alijikuta akimtazama Cherop tumboni kila akipita, halafu akiona haya. Kwa kumtazama aliona ngozi ya mashavu imekazana, na mifupa ya vifundo vya mikono imetokeza. Hata hilo aliliweka upande wa mimba. Mimba nyingine huanza kwa kumkausha mtu.

Alipopata siku ya mapumziko alimwambia Cherop anampelekea Edinah dawa ya kuku, akaenda Bumula.

Edinah alikuwa akichambua mboga barazani. Aliinuka mikono ikiwa bado na majani. "Kalibu, kalibu! Umekuja bila hata kunipigia? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuletea dawa ya kuku."

"Ati dawa ya kuku, kutoka Kitale." Edinah alimtazama dada yake usoni, akasogeza sinia ya mboga pembeni. "Keti. Sema."

Phelista aliketi. Alieleza kuhusu droo, kuhusu pakiti, kuhusu ugali na sweta. Kadiri alivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kuwa kweli, mpaka akaanza kulia. Edinah alimwacha alie. Halafu akasema polepole, akichagua maneno:

"Hapa hakulala nje hata siku moja. Hiyo naapa. Lakini asubuhi alikuwa anatoka kukimbia kabla mimi sijawasha moto. Na hakuwa anakimbia peke yake."

"Alikuwa na nani?"

"Na Mukhisa. Wa jirani hapa. Ni kijana mzuri, dada, anatengeneza pikipiki sokoni. Mimi niliona ni afadhali ako na mtu barabarani."

Phelista hakungoja chai. Edinah alimkimbilia akijifunga kanga, akimwambia atulie, atakwenda naye, lakini dada yake alikuwa amekwisha kuvuka shamba la miwa kuelekea sokoni. Kichwani alikuwa amepanga atakachosema, na chote kilikuwa kikali.

Mukhisa alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki iliyofunguliwa injini. Alikuwa kijana mwembamba mwenye mafuta hadi kwenye viwiko. Alipoambiwa huyu ni mama yake Cherop alisimama haraka, akapangusa mkono kwenye suruali, akaona bado mchafu, akauficha mgongoni na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Cherop ako aje? Amepona?"

Phelista aliyasahau maneno makali yote. "Apone nini?"

Mukhisa alitazama chini. Alitazama kando, kwa mafundi wenzake. "Basi hakuwaambia."

"Niambie wewe."

"Alianguka, mama. Tukiwa tunapanda ule mlima wa kanisa. Nilisikia tu ameacha kukimbia, nikageuka, ako chini kwa mchanga. Nilifikiria amekufa." Alipangusa tena mkono kwenye suruali. "Nilimpatia maji. Nikamuuliza amekula nini, akasema chai ya jana. Kila siku ni hivyo, mama, anakimbia tumbo ikiwa tupu na akirudi hakuli. Na ule mguu wake wa kushoto alikuwa anauburuta mwisho mwisho. Nikamwambia nitasema kwa Anti Edinah. Akalia, akasema nikisema watamzuia kukimbia."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Lakini nikaacha kukimbia na yeye. Nilimwambia sitaki kuona akianguka tena."

Phelista alitafuta usoni mwa kijana huyo dalili ya mtu anayeficha jambo lake kwa kutoa jambo la mwingine. Hakuiona, na bado hakuthubutu kuamini. Alimshukuru kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Aliporudi kwa Edinah alikunywa chai akiwa amesimama, na jua lilipoanza kushuka alikuwa njiani kurudi Kitale, akiwa na hofu mbili badala ya moja.

Cherop alikuwa kwenye meza ya jikoni akifanya hesabu za shule. Phelista aliweka mkoba chini. Safari hii hakutafuta njia ya kuzunguka.

"Pedi zako zote hazijafunguliwa tangu Pasaka. Nataka uniambie kwa nini."

Kalamu ilisimama. Mambo mengi yalipita usoni mwa Cherop, na la mwisho lilikuwa mshangao.

"Mama. Unafikiria niko na mimba?"

"Nimekuuliza."

"Ulienda Bumula kuuliza watu kama niko na mimba?"

"Nilienda kwa sababu wewe hunisemeshi!"

"Sijawahi hata..." Cherop alisukuma kiti, akasimama, na Phelista akaona jinsi alivyoegemea meza ili mguu wa kushoto usibebe uzito. "Ilikoma tu. Ilikoma yenyewe. Wasichana wengine kwa timu pia yao ilikoma. Wanasema ikikoma ndiyo unajua mwili umekubali mazoezi. Unakuwa mwepesi. Mimi nilifurahi, Mama. Hakuna maumivu, hakuna kubeba kitu kwa begi. Nilifikiria ni kitu kizuri."

"Nani alikuambia ni kitu kizuri?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Wewe si mkimbiaji!"

Nje jirani alikuwa akiita kuku wake. Phelista alitaka kumkumbatia na alitaka kumzaba kofi, na hakufanya hata moja.

"Kesho tunakwenda kliniki," alisema.

"Sawa. Wapime. Wapime ndio uamini." Cherop alikusanya vitabu vyake, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa kwa utulivu ulioumiza kuliko kama ungebamizwa.

Daktari waliyempata alikuwa mwanamke wa makamo, daktari Nyambu, mwenye miwani aliyoivaa juu ya nywele. Alimtoa Phelista nje kwanza, akazungumza na Cherop peke yake. Phelista alikaa kwenye benchi akiwa ameukamata mkoba kwa mikono miwili. Alisoma bango la chanjo ukutani mpaka likawa halina maana. Aliomba isiwe mimba. Halafu akawaza kuhusu kijana aliyemwona Cherop amelala mchangani akafikiri amekufa, na akajikuta hajui tena anachoomba.

Alipoitwa ndani, kipimo kilikuwa mezani.

"Hana mimba," daktari alisema.

Pumzi ilimtoka Phelista kwa nguvu hata akacheka. Kicheko kifupi, cha aibu. Cherop aligeuza uso ukutani.

Daktari hakucheka. "Mama, heri angekuwa amekosa mwezi mmoja. Huyu amekosa miezi mingi, na si kwa sababu ya ugonjwa wa tumbo la uzazi. Mwili wake hauna chakula cha kutosha. Ukiwa hivyo unaanza kuzima vitu, kama nyumba ambayo umeme hautoshi. Kwanza unazima hedhi. Halafu unaacha kutunza mifupa." Alimgeukia Cherop. "Umeniambia mguu hauumi. Panda hapa kitandani, ulale."

Alipobonyeza muundi wa mguu wa kushoto kwa kidole gumba, Cherop hakutoa sauti, lakini machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Ndipo Phelista alipoielewa ile mirija mitupu ya dawa ya kuchua, na kwa nini Cherop aliiwahi kabla ya kitu kingine. Alikuwa ameishika mirija hiyo kwa mikono yake mwenyewe, akaitupia macho na kuendelea kutazama pedi.

Picha ya eksrei ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Daktari aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu. Ungeendelea, alisema, mfupa ungekatika kabisa, pengine katikati ya mbio. Hakuna kukimbia mpaka upone. Mbio za kaunti hapana. Za mwaka mpya tutaona. Chakula, na kila wiki aje apimwe.

"Nikikula nitakuwa mzito," Cherop alisema. Ndilo neno la kwanza alilolitamka mbele ya mama yake siku hiyo. "Halafu sitashinda. Na nisiposhinda hakuna chuo cha ng'ambo. Baba ameshaambia watu wote."

"Mifupa iliyokatika nayo haishindi," daktari alijibu, bila ukali.

Kibiwott alirudi siku iliyofuata. Phelista alimweleza wakiwa wamesimama kando ya lori, kwa sababu hakutaka Cherop asikie. Mwanzoni hakuamini. Alisema daktari huyo hajui wakimbiaji, alisema yeye alikulia Mlima Elgon na wasichana wa kule walikimbia wakiwa na njaa na hawakuvunjika. Phelista alimpa ile picha. Kibiwott aliiinua kuelekea jua, akautafuta ule ufa, na alipoupata akaishusha polepole.

"Mimi ndiye nilikuwa namwambia apunguze chapati," alisema. "Nilikuwa namtania tu."

Aliingia ndani akagonga mlango wa Cherop. Phelista hakusikia walichosema, ila alisikia kilio cha binti yake, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, na sauti ya Kibiwott ikirudia jambo moja chini chini.

Phelista na Kibiwott walikwenda shuleni pamoja. Kochi Kiptum hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lililomchosha Phelista zaidi. Aliwapa viti, yeye akabaki amesimama. Aliitazama picha, akapangusa paji la uso.

"Mimi nilisema wawe wepesi," alisema. "Sikusema wasile."

"Na hiyo ya hedhi?" Phelista aliuliza. Kibiwott alitazama viatu vyake. Kochi naye akatazama dirishani.

"Hayo ni mambo ya wasichana, mama. Mimi siulizi."

"Basi atafutwe mtu wa kuuliza. Kuna wengine ambao yao imekoma kama ya wangu. Amesema mwenyewe."

Kochi aliahidi. Alitaka kusema zaidi, akaishia kuahidi tena. Walipotoka, mwanamke mmoja aliyekuwa amemletea binti yake viatu, mama Sandra, ambaye mtoto wake ndiye nahodha wa timu, aliwafuata mpaka langoni. Alingoja Kibiwott atangulie.

"Nimesikia kwa dirisha," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani. Wako, ilikoma kwanza ndio mguu ukaanza, au mguu ulianza kwanza?"

Phelista aliitazama mikono ya mwanamke huyo, ilivyokuwa ikikunja na kukunjua mfuko mtupu wa viatu. Aliijua hofu hiyo. Alimshika kiwiko, wakaenda kukaa kwenye nyasi chini ya ukuta, na Kibiwott akawangoja muda mrefu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Cherop alikula kama mtu anayelipa faini, na kila kijiko alihisi mama yake akikihesabu. "Mama, usiniangalie nikikula," alisema jioni moja, na Phelista akajifunza kutazama sahani yake mwenyewe, ingawa masikio yaliendelea kusikiliza. Siku ya mbio za kaunti Cherop alijifunika blanketi mpaka saa za mchana. Phelista alipita mlangoni mara nyingi kuliko alivyokuwa na kazi ya kupita.

Jumapili moja alilikuta karai halipo chini ya sinki. Cherop alikuwa ameketi kwenye sakafu ya bafu, mguu mbaya ameunyosha, akikata boksi kwa mkasi. Phelista alijiuliza kama aondoke.

"Kuta zako zimepinda," Cherop alisema bila kuinua kichwa. "Shika hapa."

Phelista alipiga magoti akashika. Walipanga bila maneno mengi. Losheni upande huu. Dodoki limetundikwa, kwa sababu likikaa ndani linaleta uvundo na mende. Walipofika kwenye pedi Cherop aliziweka zote nyuma, halafu akabadili, akaziweka mbele. Baadaye aliingiza mkono nyuma ya kabati, akatoa mrija mwingine wa dawa ya kuchua uliobaki nusu.

"Huu sikuwa nimeusema," alisema.

"Sawa."

"Ulifikiria kweli ni Mukhisa?"

Uso wa Phelista uliwaka kwa aibu. "Nilifikiria kila mtu."

"Maskini. Huyo anaogopa wasichana mpaka anakimbia upande ule mwingine wa barabara." Cherop alicheka kidogo, puani, na Phelista hakuthubutu kucheka naye kwa sauti asije akakiharibu kicheko hicho.

Mvua za masika zilipokuwa zinakaribia, na watu wameanza kujaa dukani kununua mbegu, hedhi ya Cherop ilirudi. Alimwambia mama yake kwa ujumbe wa simu aliyoazima kwa jirani, neno moja tu, na Phelista akaketi juu ya gunia la mbolea mbele ya wateja. Daktari Nyambu alisubiri irudi tena mwezi uliofuata ndipo akakubali akimbie, mwendo mdogo, barabara tambarare, mara chache kwa wiki.

Asubuhi ya kwanza Phelista alisimama langoni na kanga mabegani. Alimwona Cherop akipotelea kwenye kona, akasikiliza nyayo mpaka zikaisha. Alijua anatakiwa kurudi lini. Muda huo ulifika, ukapita. Aliingia ndani, akatoka. Alifikiria mlima, mchanga, mfupa mwembamba kama unywele. Ulipopita tena muda kama huo hakuweza kungoja zaidi. Alifunga mlango, akashika barabara na ndala zake, akitembea kwanza, kisha akikimbia.

Alimkuta mbele ya kibanda cha Mama Wakonyo, aliyeuza chai kando ya barabara. Cherop alikuwa ameketi kwenye benchi, miguu imenyooshwa juani, kikombe cha chai kando yake. Mkono mmoja ulikuwa na mandazi, na shavu limejaa.

Phelista alisimama, pumzi imemwisha. "Mguu?"

Cherop alitikisa kichwa kwamba hauumi. Alitafuna, akameza, akaona uso wa mama yake na zile ndala zilizojaa vumbi, akasogea kwenye benchi kumpa nafasi.

"Nilisikia njaa," alisema.